Mchezaji anajua, mhusika hajui: seva zijengwe kuulinda mpaka huo

Ndugu Mhariri,

Ugomvi unaovunja seva nyingi (kompyuta zinazowaunganisha wachezaji) za michezo ya kuigiza ya mtandaoni huanza na swali moja: huyu alijuaje? Jambazi kajificha ghalani, hakuonwa na mtu, hakupiga simu, na dakika mbili baadaye askari watano wanashuka mlangoni bila hata kuzunguka mtaa. Aliyekamatwa analalamika, waliokamata wanaapa kwamba walibahatisha, msimamizi hana la kushika, na wiki haiishi watu wameanza kuhamia kwingine. Vijana wengi wasomao gazeti lenu wanacheza michezo hii, na wengine wanatamani kufungua seva zao wenyewe. Naomba nafasi nilieleze jambo hili kwa undani, maana mara nyingi huzungumzwa kwa jazba tu.

Kwa asiyeyafahamu haya: kupitia programu iitwayo FiveM, watu kwa makumi huingia kwa wakati mmoja katika jiji la Los Santos la mchezo wa Grand Theft Auto V, kila mmoja akiwa na mhusika wake mwenye jina, kazi na historia. Kuna dereva wa teksi, daktari, fundi magari, polisi, mwizi. Hakuna aliyeandikiwa maneno ya kusema. Hadithi inazaliwa kadiri watu wanavyokutana. FiveM ilianza kama kazi ya watu wa nje, na Agosti 2023 kundi lililoitengeneza likaingia rasmi katika kampuni ya Rockstar Games yenye mchezo huo. Lakini uigizaji wa namna hii ni wa zamani kuliko hapo. Mwaka 1978 Roy Trubshaw wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, alianza kuandika MUD, ulimwengu wa maandishi matupu ambao Richard Bartle aliuendeleza. Miaka minne kabla yake Gary Gygax na Dave Arneson walikuwa wameshachapisha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa karatasi na dadu. Katika yote hiyo mtu mmoja hubeba akili mbili: anayoyajua yeye aliyeketi mbele ya skrini, na anayoyajua mhusika wake kwa kuyaona, kuyasikia au kuambiwa ndani ya hadithi. Kuchukua ya kwanza na kumpa mhusika faida kwayo ndiko wachezaji wanakoita meta.

Karibu kila seva ina kifungu kinachokataza meta, na karibu kila seva inalia na meta. Rai yangu ni kwamba kifungu na adhabu haviwezi kufanya kazi peke yavyo, kwa sababu mvujishaji mkubwa wa siri ni seva yenyewe. Humwonyesha mchezaji mambo ambayo mhusika wake hana njia ya kuyajua, kisha humtaka ajifanye hajayaona. Wachache huweza. Wengi hujitahidi, na bila kukusudia macho huwapeleka walikokwisha kuona.

Tuanze na majina. Kuna seva ambazo jina kamili la mhusika huelea juu ya kichwa chake, kiasi kwamba mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege sasa hivi anamwita mtu asiyemjua kwa jina la ukoo. Dawa yake haina ugumu kwa mwandishi wa programu. Kila mtu aonekane bila jina mpaka ajitambulishe mwenyewe kwa amri, akiwa karibu na yule anayejitambulisha kwake, na seva itunze jedwali la nani anamfahamu nani. Namba ambayo seva humpa kila mchezaji, ya kuripotia makosa, ibaki, kwa kuwa msimamizi anaihitaji, lakini ionekane tu mtu anapobonyeza kitufe, na kwa walio ndani ya mita kumi. Hapa wengi hukosea jambo moja: wanaficha jina, wanaiacha namba ionekane hata mtu akivaa barakoa. Namba haibadiliki mpaka mchezaji atoke na kuingia tena, kwa hiyo aliyemwona namba 47 sokoni mchana atamtambua namba 47 mwenye barakoa benki jioni ile ile. Barakoa ikivaliwa, namba ibadilishwe kuwa ya muda, na seva peke yake ijue ni ya nani.

Sauti ni ngumu zaidi. Barakoa haibadilishi sauti ya mchezaji, na kumwambia mtu asiitambue sauti anayoisikia kila siku ni kumtaka asilowezekana. Kanuni inayofaa, kwa maoni yangu, ni kwamba sauti iruhusiwe kuzaa shaka ila isikubaliwe kuwa ushahidi. Askari aliyeitambua sauti anaweza kwenda kuuliza maswali, kufuatilia, kutafuta alama nyingine. Asiweze kumtia mtu pingu kwa sauti peke yake.

Sasa benki, mahali ambapo uvujaji ni mkubwa na watu hawauoni. Seva nyingi huweka sharti kwamba benki haiibiki mpaka wawepo polisi wa kutosha kazini, tuseme wanne. Sharti lenyewe ni la haki, kwani wizi usio na wa kuuzuia hauna raha kwa yeyote. Tazama lakini linavyofanya kazi. Mwizi anagusa mlango wa hazina, skrini inamwandikia kwamba hakuna polisi wa kutosha. Papo hapo kajua kwamba jiji zima lina polisi watatu au pungufu, na anakwenda kuvunja maduka bila wasiwasi. Ujumbe usipotokea, kajua polisi wapo. Hakutaka kudanganya, seva imemnong'oneza sikioni. Mbaya zaidi ni orodha inayofunguka kwa kitufe kimoja na kuonyesha polisi wangapi, madaktari wangapi, mafundi wangapi. Watu huifungua kila baada ya dakika chache.

Orodha hiyo iondolewe, ibaki idadi ya wachezaji wote tu. Kwa upande wa benki, ujumbe uwe mmoja kwa kila sababu ya kushindwa: polisi hawatoshi, benki iliibwa nusu saa iliyopita, au kifaa kimeharibika, zote ziandike kwamba kufuli halijibu. Mwizi asiweze kutofautisha. Hesabu ya polisi isichukuliwe wakati ule ule wa kugusa mlango. Seva iihesabu kila baada ya dakika kumi na kulitumia jibu hilo mpaka hesabu inayofuata, ili askari mmoja akiingia kazini isionekane mara moja. Na kila jaribio ligharimu kitu kidogo, kwa mfano kifaa kimoja cha bei nafuu kiteketee. Jaribio la bure hugeuka kipimo, na watu watagusa mlango kila robo saa kupima kama polisi wameingia. Gharama ikizidi nayo inaleta kilio, kwa sababu mtu anapoteza mali kwa sharti asilolijua. Kifaa kinachopatikana kwa kazi ya dakika tano za mchezo ndicho kipimo kizuri.

Upande wa polisi uvujaji wake ni kengele. Duka likivunjwa, ramani ya kila askari huwaka alama mahali hasa, mara nyingine pamoja na namba ya gari na jinsia ya mwizi, na alama hiyo huendelea kumfuata mwizi akikimbia. Nani kamwona? Hakuna. Weka ucheleweshaji wa sekunde 45 hadi 90, weka duara la mita kama 150 badala ya nukta, lisisogee likishawekwa, na namba ya gari itolewe tu pale palipo na kamera ambayo mwizi angeweza kuiona na kuivunja. Usipite kiasi: duara la mita 500 katika mtaa wenye vichochoro hufanya polisi wasifike kamwe, nao huchoka na kuacha kazi. Kipimo hiki hurekebishwa kwa kuangalia ni kengele ngapi kati ya kumi ziliishia kwa polisi kufika eneo la tukio. Zikifika zote kumi, mwizi ameuzwa.

Kisha yapo mazungumzo ya pembeni. Wachezaji wanne wa genge moja wako kwenye mchezo, na wakati huo huo wako pamoja kwenye Discord, programu ya gumzo na sauti, au simu ya WhatsApp. Mmoja anatekwa, ananyang'anywa simu na redio ndani ya mchezo, anafungwa kitambaa usoni, na bado wenzake wanafika kumwokoa. Wasimamizi hupenda kukemea tu, wasiulize kwa nini watu walikimbilia huko. Mara nyingi ni kwa sababu redio ya ndani ya mchezo ni mbovu: inakatika, ina kelele, inachelewa, au inahitaji vitufe vitatu. Itengenezwe kwanza. Sauti ya kawaida isikike kwa mita kama saba, mnong'ono mita tatu, ukelele mita kumi na tano, na redio iwe kifaa halisi kwenye mfuko wa mhusika, ambacho kikichukuliwa masafa yanakatika papo hapo. Intaneti ya mtu ikiyumba hadi sauti ikatike, aandike maneno yake kwa maandishi yanayosomeka na walio karibu tu, asihamie Discord.

Halafu mpe mateka njia halali. Kitufe cha dharura kinachotaka sekunde tatu za mkono mfukoni, ambazo mtekaji anaweza kuziona na kuzizuia, hutoa taarifa ya mwisho ya mahali alipo. Taarifa ikiwa na mlango wa haki wa kupitia, hamu ya kuipitisha dirishani hupungua sana. Nimeona wasimamizi wengi wakiongeza makatazo na wachache wakiongeza milango.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo ambalo miongozo ya Wazungu hailigusi, nalo ni sehemu za kuchezea gemu kwa kulipia saa. Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa kuna vyumba ambamo kompyuta zimepangwa bega kwa bega, na askari wa mchezoni ameketi kiti cha pili kutoka kwa jambazi anayemsaka. Kupiga chabo kunakuwa kama katika meza ya karata iliyobanana: hata asiyetaka ataona. Hapa mpangilio wa viti ndio kanuni. Wachezaji wa pande zinazopingana wasikae safu moja. Migongo ielekeane ukutani au skrini zipishane pembe. Spika zizimwe na kila mtu awe na hedifoni. Na ramani kubwa isiachwe wazi mchezaji anapoinuka. Mwenye chumba akishindwa kupanga hivyo, basi kundi zima la chumba kile lichezee upande mmoja kwa jioni hiyo.

Hali hiyo inazaa kosa lingine upande wa wasimamizi. Wanaona akaunti mbili zina anwani moja ya intaneti, wanahitimisha kwamba ni mtu mmoja mwenye wahusika wawili, na wanafunga zote. Anwani moja inaweza kuwa chumba kizima cha gemu, ndugu wawili wenye ruta moja nyumbani, au wateja wengi wa mtandao mmoja wa simu wasiofahamiana, kwa kuwa mitandao ya simu mara nyingi huwapitisha watumiaji wengi kwenye anwani moja ya nje. Anwani ni sababu ya kuuliza. Haiwezi kuwa hukumu.

Wanaorusha mchezo wao mubashara wana tatizo la kipekee, kwani yeyote anaweza kufungua tovuti akaona mhusika alipo. Wanaoweza kulipunguza ni wao wenyewe. Katika OBS, programu ya kurushia matangazo hayo, sehemu ya mipangilio ya juu ina kipengele cha kuchelewesha matangazo kwa sekunde unazotaka. Sekunde 20 hazina maana kwa msako wa dakika kumi. Tatu hadi tano ni dakika zinazofaa. OBS hutunza picha hizo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kwa hiyo piga hesabu: matangazo ya kilobiti 6000 kwa sekunde mara sekunde 300, gawanya kwa nane (biti nane ni baiti moja), ni megabaiti 225 hivi. Kompyuta ya wastani inabeba. Gharama halisi ni mazungumzo na watazamaji, maana swali lao hujibiwa baada ya dakika tano na gumzo linapoa. Asiyekubali gharama hiyo afunike ramani ndogo na ujumbe wa simu ya mhusika kwa picha juu ya skrini, na asirushe kabisa vikao vya kupanga njama. Upo pia uvujaji wa kinyume: watazamaji wanaomwandikia mrushaji kwamba fulani anakusaliti, tumeona kwa mwenzako. Maneno hayo yafutwe na aliyeyaandika azuiwe kuandika kwa muda, hata kama mrushaji hakuyatumia. Akishayasoma, kila uamuzi wake wa usiku ule una doa.

Kifo nacho kina utata wake. Katika seva nyingi mhusika aliyeuawa hafi moja kwa moja. Huamka hospitali, na kanuni husema amesahau yaliyomfikisha hapo. Wanaoandika "sahau dakika 15 zilizopita" hujitafutia kesi. Tukio la utekaji laweza kuchukua saa nzima, na dakika 15 zikahesabiwa katikati yake, hivyo mtu akakumbuka sura za watekaji lakini asikumbuke walimpeleka wapi. Pima kwa tukio, usipime kwa saa. Mhusika asahau tukio lote lililoishia kwa kifo, kuanzia alipokutana na waliomuua; abaki na madeni yake, ndoa yake, uadui wake wa jana. Asirudi eneo lile mpaka tukio liishe kwa wote waliobaki. Na kama alipigwa risasi akazimia tu, kisha daktari mchezaji akamtibu mahali pale, hakufa: anakumbuka, na hilo litajwe wazi katika kanuni, kwa sababu ndilo linalogombaniwa kuliko jingine lolote.

Mwenye wahusika wawili aangaliwe kwa fedha na vitu. Wahusika wake wasiwe genge moja, wasirithishane, wasiwe pande mbili za kesi moja. Anayecheza polisi mchana na mwizi usiku ana kazi ngumu mno ya kutenganisha; seva yenye watu wachache haiwezi kumkataza, ila imtake achague mhusika mmoja kwa kila mkasa na asimguse mwingine mpaka uishe.

Hadi hapa nimesema juu ya nani yuko wapi na nani kafanya nini. Kuna ujuzi wa aina nyingine, wa namna dunia ya mchezo inavyofanya kazi, na huu hauzuiliki kwa programu. Mfano unaojulikana kwa kila mchezaji wa Dungeons & Dragons ni zimwi aitwaye troll. Katika toleo la tano la mchezo, kama lilivyochapishwa mwaka 2014, troll hujirudishia pointi 10 za uhai kila zamu yake ikianza, isipokuwa awe amejeruhiwa kwa moto au tindikali. Mchezaji mzoefu analijua hili kama jina lake. Mhusika wake, mkulima aliyeshika upanga juzi, hajawahi kumwona troll. Afanye nini? Wengi hudhani jibu safi ni kuacha moto usiguswe mpaka mwongozaji, yaani anayeendesha hadithi mezani, atoe dalili. Lakini huyo naye anaongozwa na ujuzi wa nje: anaukwepa mwenge kwa sababu anajua mwenge ndio dawa. Mkulima wa kweli mwenye mwenge mkononi, akiona panga halifui dafu, angeurusha mwenge huo bila kufikiri. Mchezaji anayejizuia kwa makusudi naye amekwisha kumwondolea mhusika akili yake.

Njia ya haki ni kumwuliza mwongozaji kabla ya kutenda: mtu wa kijiji changu angekuwa amesikia nini kuhusu mazimwi? Mwongozaji anaweza kujibu kwa historia ya mhusika, au kurushisha dadu kwa ujuzi wa maumbile au wa mambo ya kale, ikiwezekana arushe yeye kwa siri. Dadu likishindwa mbele ya wote, kila mmoja anajua kwamba lipo la kujulikana, na tatizo limehama mahali tu. Dawa ya kudumu ni mwongozaji kubadilisha viumbe vyake. Troll wa bonde hili aogope chumvi badala ya moto, na dalili zake ziwekwe mapema katika hadithi za wazee wa kijiji, mifupa iliyokaushwa ufukweni, mchuuzi anayekataa kupita bila gunia la chumvi. Hapo mchezaji na mhusika wanagundua kwa pamoja, na hakuna cha kujifanya.

Katika michezo ya maandishi inayoendeshwa kwa Discord, ruhusa za kuona chaneli hutosha kwa sehemu kubwa: kila kundi chaneli yake, na chaneli moja ya wazi kwa mazungumzo ya nje ya hadithi. Wanaoandika nje ya hadithi ndani ya chaneli ya hadithi watumie mabano mawili kila upande, desturi ya siku nyingi inayomfanya kila msomaji ajue kwamba hilo halikusemwa na mhusika.

Nije kwenye hukumu, ambako seva nyingi nzuri huharibikia. Malalamiko ya meta hayawezi kuamuliwa bila kumbukumbu zenye saa, na kumbukumbu zenye saa kwetu zina mtego. Seva huandika kwa saa za UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Video ya mchezaji wa Arusha inaonyesha 22:15. Shahidi ameandika kwamba ilikuwa saa nne na robo usiku. Seva inaonyesha 19:15. Yote matatu ni wakati mmoja, lakini msimamizi aliyeko Ulaya anaona taarifa tatu zinazopingana na kumwita shahidi mwongo. Fomu ya malalamiko imtake mlalamikaji aandike saa ya seva, na seva iionyeshe saa hiyo kwenye kona ya skrini muda wote ili isomeke ndani ya video. Fomu itake pia video isiyokatwa kuanzia dakika tano kabla ya kitendo kinacholalamikiwa. Klipu ya sekunde 30 huonyesha askari akivunja mlango. Haionyeshi mama muuza chakula aliyemwambia dakika nne kabla.

Swali la kumwuliza mtuhumiwa ni moja: mhusika wako alilijua hili kutoka kwa nani, wapi, lini? Chanzo kikitajwa, kikaguliwe kwenye kumbukumbu: simu ilipigwa, redio ilitumika, watu wawili walikuwa umbali wa kusikilizana. Chanzo kikikosekana mara moja, lihesabike kuwa kosa la kibinadamu: tukio lifutwe, kilichopotea kirudishwe, watu waendelee. Kikikosekana mara ya tatu kwa mtu yule yule ndani ya mwezi, hapo pana mazoea, na mtu aondolewe kwa muda. Kurudisha kilichopotea kutangulie adhabu daima. Mlalamikaji aliyerudishiwa gari lake hutulia hata kama mkosaji kaonywa tu. Mkosaji akifungiwa wiki na gari lisirudi, chuki inabaki.

Hakuna uvujaji mbaya kuliko wa wasimamizi wenyewe. Wao wanaona kila mtu alipo, wanasoma kila ujumbe, na wengi wao pia wana wahusika wao ndani ya magenge na vituo vya polisi. Kila mara msimamizi anapofungua kamera ya kuangalia mchezaji mwingine, iandikwe: nani, alimwangalia nani, kwa muda gani, kwa malalamiko namba ngapi. Kumbukumbu hizo ziwe mahali ambapo wasimamizi wote wanaziona na hakuna awezaye kuzifuta. Msimamizi asiamue kesi inayogusa genge la mhusika wake. Na akiangalia tukio akiwa kazini, mhusika wake asihusike na mkasa huo mpaka uishe, hata ukichukua wiki tatu. Seva isiyoweza kupata msimamizi hata mmoja asiye na mhusika ndani yake haijawa tayari kufunguliwa.

Nisieleweke vibaya kwamba kila ujuzi wa nje ni sumu. Mchezaji anayejua kuna mtego chumbani na kumwingiza mhusika wake kwa hiari, kwa kuwa hadithi itanoga, ametumia ujuzi wa nje kwa hasara yake mwenyewe, na apongezwe. Wachezaji wanaokubaliana pembeni kwamba tukio la utekaji lisiguse mambo fulani yanayomuumiza mmoja wao wamefanya jema. Anayepata dharura nyumbani aseme waziwazi na tukio lisimamishwe. Kipimo ni nani ananufaika.

La mwisho ni usaili wa wachezaji wapya. Seva nyingi humwuliza mwombaji aeleze maana ya meta, naye hunakili jibu kutoka kwa mwenzake aliyepita jana. Mpe hali badala ya swali. Mhusika wako ni fundi magari. Umetazama matangazo ya mubashara ya mwenzako na umejua kwamba mteja anayeingia gereji yako sasa ana maiti kwenye buti. Anakuomba umbadilishie gurudumu, na gurudumu la akiba liko ndani ya buti hiyo hiyo. Unafanya nini? Anayejibu kwamba hafungui buti kabisa anakwepa kama yule wa troll. Anayeifungua kwa haraka akipiga kelele anatafuta ushindi. Mwombaji wa kumchukua ni yule anayemwomba mteja funguo kama ambavyo angemwomba mteja mwingine yeyote, kisha anasubiri aone mteja atajibu nini.

Wako,
Msomaji na mwongozaji wa michezo ya kuigiza,
Dar es Salaam